Chupa za Alhamisi

Jumatatu, 5 Novemba

Daftari hili si langu. Ni la Dakta Volahanta wa chuo kikuu cha Mahajanga. Amenipa niandike saa, upepo, mvua na rangi ya maji. Kurasa za mbele nitamwandikia hayo. Nimeligeuza kichwa chini miguu juu na kuanzia nyuma, na huku ni kwangu. Hataangalia huku. Watu waliosoma sana huanza kitabu mwanzoni.

Kazi yenyewe ni hii. Kila Jumatatu na Alhamisi, kabla jua halijapanda, naingia ngalawa yangu nachota maji mahali patatu: kwenye fungu la mchanga huko nje, mbele ya hoteli, na mlangoni mwa mto, wanakobandua chaza wanawake wa hapa Ambavarano. Chupa tatu, namba tatu. Anataka kujua maji yetu yana uchafu gani na unatoka wapi. Mwezi wa tatu, wakati wa mvua, wageni wawili wa hoteli walikula chaza za binti yangu Soamena, wakaharisha siku nne, na tangu hapo hoteli hainunui. Wanawake kumi na wanane wamekaa na visu vyao mapajani. Ripoti ya Dakta itakwenda wilayani, na wilaya ndiyo itakayosema chaza ziuzwe au mlango wa mto ufungwe.

Mbona hachoti mwenyewe? Anatapika. Msomi mzima wa bahari, na akikanyaga ngalawa tu anageuka rangi ya papai bichi. Jana nilimpeleka mpaka fungu la mchanga, akaiachia bahari kifungua kinywa chote. Nikamwambia sasa ameharibu maji kabla hatujayapima.

Ukoo wa mama yake na ukoo wetu ni watani, kwa hiyo namwambia nipendalo naye hana pa kunishtaki. Nimemwambia anatembea kama korongo anayetafuta miwani yake. Akasema kichwa changu ni nazi ambayo kaa aliianza akaishiwa hamu. Atatufaa.

Kabla hajaniachia chupa aliniuliza kama kuna siku za mwiko hapa, apange ratiba yake vizuri. Nikamjibu, "Haidhuru." Ndiyo maana ya jina langu pia, Tsiahoana. Mama alichoka siku ile.

Alhamisi, 8 Novemba

Fungu la mchanga: nimechota. Mbele ya hoteli: nimechota. Nikaelekea mlangoni mwa mto.

Pale pana jiwe ambapo huoshwa vitu vitakatifu vya wafalme wetu wa zamani. Siku ya Alhamisi hakuna anayetia kafi katika maji yale wala kuyagusa kwa kidole. Nalijua hilo tangu utotoni, na tangu utotoni nalicheka. Kijiji kizima kinajua nalicheka. Ni mimi niliyemwuliza padri, darasa la tano, kama Nuhu alichukua na chawa wawili au aliwakuta wameshapanda wenyewe, na shule yangu ikaishia hapo. Ni mimi niliyemwambia mzee Tsitavy, mlinzi wa jiwe, kwamba jiwe lake lina sura ya makalio ya diwani. Sina mwiko. Ndivyo ninavyojulikana.

Nikafika mpaka pale maji yanapobadilika rangi. Kafi likakaa mapajani. Nikaliambia liingie majini. Halikuingia. Nilikaa hivyo mpaka jua likanipata shingoni, kisha nikageuza ngalawa, nikarudi fungu la mchanga, nikajaza chupa namba tatu hukohuko.

Ulikuwa upepo. Upepo wa leo haukuwa mzuri.

Jumatatu, 12 Novemba

Chupa tatu, mahali patatu. Mlangoni mwa mto maji yalikuwa kahawia, na jiwe ni jiwe tu.

Alhamisi, 15 Novemba

Fungu la mchanga, chupa mbili.

Jumanne, 20 Novemba

Mkwe wangu Jaofeno amekuja kumchukua mke wake. Huyu ndiye mwangalizi wa matangi ya majitaka hotelini. Anavaa shati lenye jina lake kifuani, kama anaogopa kujisahau, na funguo kumi na mbili kiunoni. Nikamwuliza kama mavi ya wazungu nayo hufungiwa kwa funguo. Akajibu ndiyo, Baba, kuna kufuli mbili. Bila kucheka. Miaka tisa namtania mtu huyu na sijawahi kuona meno yake ya nyuma. Sijui Soamena aliona nini.

Alhamisi, 22 Novemba

Fungu la mchanga, chupa mbili.

Alhamisi, 29 Novemba

Mvua ya kwanza. Chupa mbili.

Jumatano, 5 Desemba

Dakta amepanga chumba nyuma ya nyumba ya mwalimu. Ana sanduku linalokaa na joto kama kuku anayeatamia. Maji yangu anayachuja kwenye kikaratasi cha duara, anakilaza sandukuni, kesho yake kikaratasi kimeota vidoa vya buluu, naye anavihesabu kwa sindano, kimoja kimoja, midomo ikicheza.

Nikamwuliza vidoa ni nini. Akasema kila kimoja kimeota kutoka kwa kijidudu kilichokuwa tumboni mwa mtu au mnyama.

"Tumboni mwa nani?"

"Havijaandikwa jina, Babu."

Kikaratasi cha fungu la mchanga kilikuwa na vidoa viwili. Cha mlangoni mwa mto, cha Jumatatu, kilikuwa kama mtu mwenye surua.

Alhamisi, 6 Desemba

Mbili.

Alhamisi, 13 Desemba

Mvua tangu usiku, mto mwekundu, magogo yanapita. Leo ningekuwa na sababu ya kweli ya kutokwenda. Chupa mbili.

Jumatano, 19 Desemba

Dakta amekwenda Mahajanga kwao hadi baada ya mwaka mpya. Hakuna chupa. Ameniachia boksi la biskuti na onyo kwamba nisimtungie wimbo.

Nimeutunga.

Jumatatu, 7 Januari

Karudi. Chupa tatu. Mtumishi wa hoteli kapita na mkokoteni wa mashuka, karibu anikanyage.

Alhamisi, 10 Januari

Mbili. Mkono umeshazoea. Nyumbani nilikunywa maji ya ukoko wa wali bakuli mbili.

Alhamisi, 17 Januari

Mbili.

Jumanne, 22 Januari

Leo niandike yote.

Dakta aliniita nyumbani kwa mwalimu. Soamena alikuwepo, kaleta vitumbua vya mchele. Mezani palikuwa na karatasi pana yenye mstari unaopanda na kushuka kama meno ya msumeno. Dakta macho yake yaling'aa. Akaniwekea kidole kwenye kila bonde la msumeno ule.

"Unaona, Babu? Jumatatu mlango wa mto ni mchafu. Alhamisi ni safi. Jumatatu mchafu, Alhamisi safi. Hata Alhamisi za mvua kubwa. Miaka kumi na minne napima maji na sijawahi kuona kitu kama hiki."

Nikasema labda ni bahati.

"Bahati haina kalenda. Alhamisi maji ya pale yanakuwa sawa na ya fungu la mchanga. Yaani sawasawa."

Nikakiangalia kitumbua changu.

Kisha akauliza, zaidi kwa nafsi yake, ni kitu gani hapa hufanyika siku zote na Alhamisi kikasimama. Soamena, mdomo umejaa, akasema hoteli haifui mashuka Alhamisi. Wafuaji ni wanawake wa hapa, na bomba la maji ya kufulia linatokea karibu na jiwe. Siku hiyo hawagusi. Dakta akaweka kalamu chini taratibu, kama anaweka yai.

"Hawagusi kwa nini?"

"Mwiko," akasema binti yangu.

Dakta akanigeukia. "Babu, si nilikuuliza?"

Nikasema mwiko huo ni wa wafuaji na wanawake waoga. Wachota maji kama mimi hauwahusu. Nikacheka, na Soamena akacheka, kwa sababu ananijua. Dakta naye akacheka, akaandika kwa herufi kubwa: HOTELI. Nilikiona kicheko changu kinatoka pale mezani na kwenda mbali, kikiwa na miguu yake chenyewe.

Alhamisi, 24 Januari

Nilidhamiria. Nilitoka saa kumi na moja, kichwani nimefunga kitambaa, nikaimba hadi mlangoni. Kafi likakataa. Chupa mbili.

Jumapili, 27 Januari

Kijiji kimejua. Sijui aliyesema, na kwa kuwa Soamena ana mdomo wa mama yake, najua. Watu wanasema hoteli imekamatwa kwa kalenda, sasa italipa, itanunua chaza hadi tuombe poo. Sokoni mwuza samaki kanipa vibua vitatu bila kuulizwa. Vijana wananiita Babu Chupa. Nimetembea sokoni mara mbili bila shida yoyote ya kwenda huko.

Alhamisi, 31 Januari

Mbili.

Jumatatu, 4 Februari

Imepangwa siku. Ijumaa tarehe 15 watu wa wilaya watakuja kusikiliza kwenye uwanja wa shule. Dakta ataonyesha msumeno wake.

Madamu anayeiendesha hoteli hakungoja. Ametangaza kwamba maji ya kufulia huingia tangini kwanza kama mengine yote, na kama kuna kinachotoka tangini kwenda mtoni, mwenye funguo ni mmoja. Ikithibitika, hoteli itamfukuza na itamkabidhi kwa polisi yenyewe, kabla hawajaja kumtafuta.

Mwenye funguo ni Jaofeno.

Nilipoambiwa, la kwanza nililofikiri ni kwamba atavuliwa shati lile. Naandika ili nisijifanye nilifikiri jambo jema.

Alhamisi, 7 Februari

Mbili.

Jumamosi, 9 Februari

Watu wameacha kumsalimu Jaofeno. Vijana wamemfuata hadi getini wakiziba pua. Wengine hawana ubaya naye. Wanasema tu kwamba mtu mmoja akienda ndani na wanawake kumi na wanane wakauza chaza, hesabu hiyo si mbaya. Soamena hajasema na mtu tangu jana. Mdomo ule, siku nzima, kimya.

Jumanne, 12 Februari

Jaofeno alikuja mwenyewe, saa ya chakula. Nilimkaribisha wali na mchuzi wa kamba wa nazi. Hakula. Alitoa daftari kwenye mfuko wa plastiki, akalifungua mbele yangu kama mtu anayefunua jeraha.

Kila siku ya miaka sita imo. Kila asubuhi hutumbukiza mti tangini akapima kina, akaandika. Gari la kunyonya lilikuja lini, lilinyonya kiasi gani, dereva nani. Mwandiko mdogo, umenyooka kama mistari ya mchele. Akaniambia koki ya kutokea mtoni imeshika kutu tangu mwenye hoteli wa kwanza, haifunguki hata akitaka, na anaweza kunionyesha.

Sikuwa nikimsikiliza. Nilikuwa nimeona kitu. Nikafungua ukurasa mwingine, na mwingine. Kila wiki kilikuwa kilekile: *Alhamisi. Sikupima. Mwiko.*

"Na Madamu hulisoma hili?" nikamwuliza.

"Kila mwisho wa mwezi."

"Hakukucheka?"

"Alicheka, Baba. Tangi liko futi ishirini kutoka kwenye jiwe. Nikamwambia acheke tu, mimi siwezi kupima, na siwezi kuandika kwamba nimepima."

Kisha akaniambia kilichomleta. Hakuja kuniomba nimtetee. Alitaka nimsaidie kumweleza Dakta jinsi ya kusoma daftari lake, kwa kuwa mimi ninazungumza naye kwa mzaha na yeye hajui mzaha. Aliogopa akienda mwenyewe angeonekana anapiga goti.

Nikamwambia nitakwenda. Akafunga daftari, akalirudisha mfukoni, na alipofika mlangoni akakumbuka wali, akarudi, akala wote akiwa amesimama, nisije nikaona ameudharau.

Miaka tisa nimemwita Bwana Funguo.

Jumatano, 13 Februari

Nilikwenda nikiwa na maneno yote. Dakta alikuwa ameinamia vikaratasi vyake, akasema, "Ingia, korongo anahesabu." Maneno yote yakaniisha.

Nikampa daftari hili. Nikaligeuza kichwa chini miguu juu, nikaliweka mezani, nikamwambia asome huku.

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alisoma polepole. Palepale mwanzo akacheka, nadhani kwa papai bichi. Ukurasa wa pili hakucheka. Baadaye akawa anafunua kurasa mbele, nyuma, mbele, kisha akavuta karatasi ya msumeno na kuanza kuweka alama, moja kwa kila bonde, akilinganisha na tarehe zangu. Kalamu yake ilikuwa inakwaruza. Nje mtoto wa mwalimu alikuwa anaimba jedwali la saba, anakosea saba mara nane, anaanza upya.

"Kumi na moja," akasema.

"Kumi na moja."

"Nilikuuliza, Babu. Siku ya kwanza kabisa."

"Uliniuliza."

"Ungesema Alhamisi haifai, ningeandika siku nyingine. Dakika moja. Kwa nini hukusema?"

Nilimwambia ukweli, na hapa nauandika tena ili uwe mara mbili. Kusema Alhamisi haifai ni kusema ninaliogopa jiwe. Miaka sitini kijiji hiki kinacheka kwa sababu mimi siogopi. Nikiogopa, nilikuwa nacheka nini?

Akarudi kwenye daftari, akasoma tena ukurasa wa jana, ule wa Jaofeno.

"Haidhuru, Dakta," nikasema, kwa mazoea tu, mdomo umetoka bila mimi.

Akaniangalia. Hakukuwa na utani wowote usoni mwake.

"Hii inadhuru, Babu. Keshokutwa ningemfunga mtu kwa maji ya mchangani."

Msumeno ule aliukata vipande viwili, kisha vinne. Kazi ya msimu mzima. Nikamwambia anipige. Akasema mtani hapigwi, hutozwa, na akaninyang'anya kofia yangu ya ukindu, kofia niliyoivaa tangu marehemu mke wangu ainunue. Akaivaa. Ilimfika kwenye nyusi. Akaniambia nitoke, ana kazi ya kuanza upya.

Alhamisi, 14 Februari

Sikuchota popote. Nilikaa mlangoni pa nyumba yangu siku nzima, kichwa wazi.

Ijumaa, 15 Februari

Uwanja wa shule ulijaa. Watu wa wilaya watatu, wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni. Madamu anajipepea kwa kipepeo chake. Jaofeno amesimama peke yake karibu na mlingoti, shati limepigwa pasi.

Dakta alisimama, na kofia yangu mkononi. Akasema chupa za Alhamisi za mlangoni mwa mto hazitahesabiwa. Kosa, akasema, ni lake. Alipanga ratiba bila kuuliza watu wa kutosha. Kwa hiyo hakuna ushahidi wowote juu ya hoteli wala juu ya mfanyakazi wake. Akakaa.

Ningeweza kuachia hapo. Watu walianza kunong'ona kwamba Dakta kahongwa. Mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba wasomi hununuliwa kwa sahani moja ya kamba. Ndipo nikasimama.

Nilisema nimechota maji ya mchangani nikayaita ya mtoni, Alhamisi kumi na moja. Wakangoja. Walidhani mzaha unakuja, nimewazoeza hivyo. Mwuza samaki alikuwa ameshaanza kutabasamu. Nikasema sikufika mlangoni kwa sababu ni Alhamisi, na niliogopa.

Hakuna aliyecheka. Nilitamani mtu acheke. Kisha mzee Tsitavy, mlinzi wa jiwe, akainuka kwa fimbo yake, mtu niliyemtukania jiwe lake maisha yangu yote, akaniangalia bila hasira, kama anayeuliza njia.

"Tsiahoana. Ijumaa ina ubaya gani?"

Uwanja ukaangua kicheko. Walicheka hadi watu wa wilaya wakacheka bila kujua wanacheka nini. Mabega ya Madamu yalicheka nyuma ya kipepeo. Nimechekesha watu wengi katika maisha haya, lakini kuchekwa ni jambo jingine. Linakuingia mgongoni. Nikatafuta mlingoti kwa macho. Jaofeno hakuwa anacheka. Alikuwa amefumba macho, na mkono mmoja ameushika mlingoti ule kama mtu aliyeshuka ngalawani sasa hivi.

Wilaya imempa Dakta hadi mwisho wa Machi. Jumatatu na Ijumaa.

Jumatatu, 18 Februari

Chupa tatu. Dakta alikuja nami ngalawani. Haamini mkono wangu, na kasema hivyo. Alitapika mbele ya hoteli na tena mlangoni. Nilimshikia kofia yangu.

Ijumaa, 22 Februari

Vilevile. Nimemwambia siku ya Ijumaa samaki wameanza kumngojea.

Jumatano, 6 Machi

Mvua kubwa siku tatu. Mlango wa mto surua juu ya surua. Mbele ya hoteli vidoa vichache, kama kawaida, na mdomo wa bomba lao haumwagi kitu. Kwa hiyo uchafu hautoki tangini. Dakta kaenda kuipiga ile koki nyundo kwa mkono wake; kutu imeanguka, koki haikusogea. Amemwomba Jaofeno daftari lake aliazime. Amelilaza kwenye kitambaa.

Sasa anataka tupande mto, tuchote kila hatua mia mbili hadi uchafu uishe, ndipo atajua unapoanzia.

Ijumaa, 8 Machi

Tulipanda. Chupa tisa. Jaofeno alipiga kafi la nyuma, kaomba ruhusa hotelini. Njiani nikawataja wenye nyumba tunazozipita na siri zao. Dakta alitapika mara moja tu. Mtoni hakuna mawimbi, kasema. Nikasema ni kwa sababu hana tena cha kutoa.

Jumamosi, 9 Machi

Kahesabu. Chupa za juu, safi. Ya saba, safi. Ya sita, imechafuka ghafla, na kutoka hapo hadi kwenye chaza ni surua tupu.

Ya sita ni kwenye mikoko yetu. Ndiko kijiji kizima tunakokwenda alfajiri, wanaume upande huu, wanawake upande ule, tangu babu zetu. Shimo hatuchimbi. Mwiko: mavi ya mtu hayawekwi juu ya mavi ya mwingine, wala hayafukiwi katika ardhi walimolala wazee. Maji hupanda, huchukua, tunasema yamekwisha. Kumbe yanayapeleka hatua elfu moja na mia mbili tu, kwenye chaza za binti yangu.

Dakta aliuliza kwa upole ni akina nani hasa wanaotumia pale karibu na alama ya sita. Kuna mkoko mmoja una tawi limepinda kama mkono wa kiti. Miaka sitini. Hakuna mwingine anayekaa pale. Watu wananiheshimu kwa hilo tu.

Nikamwambia baadhi ya vidoa vile vina jina.

Safari hii Jaofeno, aliyekuwa akitusikiliza mlangoni pa chumba, alicheka. Ana meno mazuri.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua imekatika siku sita sasa. Mlango wa mto, vidoa vitano. Soamena kaviona mwenyewe, kavihesabu mara mbili kwa sindano ya Dakta.

Jumamosi, 30 Machi

Wanawake wamekutana bila kutuita. Wameamua: mvua kubwa ikinyesha, siku saba hakuna kugusa chaza, na atakayebandua atavuliwa kisu. Soamena ameupa jina, anauita mwiko wa mvua. Nikamwuliza miiko iliyopo haijatutosha? Akasema huu wao umepimwa.

Mzee Tsitavy kasikia na hakupinga. Kuhusu mikoko ni mgogoro. Jaofeno amekata pipa la hoteli, ameliwekea kiti na kifuniko, mpango ni kila nyumba iwe na pipa lake, halifukiwi ardhini, halichanganyi watu, gari la kunyonya linapita nalo. Tsitavy anasema hajaona mwiko unaolikataza pipa, lakini atafikiri hadi mvua nyingine. Vijana wanaliita kiti cha enzi na hawalisogelei. Walihitaji mtu wa kwanza, mtu asiyeogopa kuchekwa.

Jaofeno kalileta nyuma ya nyumba yangu. Kaliwekea mkono upande wa kulia, umepinda.

Jumanne, 23 Aprili

Ripoti imefika. Wilaya imeruhusu chaza miezi ya kiangazi na kwa masharti ya wanawake wakati wa mvua. Hoteli imenunua ndoo mbili Jumapili. Jaofeno ndiye aliyezibeba, kwa mkono uleule wenye funguo.

Dakta kaniletea nakala na kofia yangu. Kofia inanuka dawa ya chumbani mwake. Nimesoma ripoti kwa siku mbili, nikiruka maneno marefu. Ukurasa wa kumi na tisa kaandika: *Kituo cha tatu hakikupimwa siku za Alhamisi, kwa kuheshimu mwiko wa mahali.* Chini, kwa herufi ndogo, anawashukuru watu wawili kwa madaftari yao. Jaofeno ni wa kwanza. Mimi ni wa pili.

Watu huandikwa vitabuni kwa walichofanya. Mimi nimeandikwa kwa nilichokuwa sikifanyi.

Ananiachia chupa. Anataka niendelee kiangazi chote, peke yangu. Nikamwuliza kama sasa anauamini mkono wangu. Akasema anauamini upande wa nyuma wa daftari. Kwa hiyo niendelee kuandika huku, na mbele niache wazi.

Alhamisi, 25 Aprili

Sikuchota. Mwiko.